Mwalimu Aliyenichagulia Chuo

Mwalimu aliyenifundisha fizikia kuanzia kidato cha pili hadi cha nne ndiye aliyenipotezea miaka minne ya maisha yangu, na kwa muda mrefu sikutaka lingine ila kumwona amesimama mbele ya watu akikosa la kusema. Nilipata nilichokitaka. Wengine huandika habari kama hizi baada ya kusamehe. Mimi sijasamehe, kwa hiyo msomaji asinisubirie huko mwisho.

Alikuwa mwalimu mzuri, hilo silifichi. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, karibu na Adungosi, na maabara yake ilikuwa na meza mbili na bomba lisilotoa maji. Ukikosea hesabu hakukuchapa. Alikuambia, "Rudia, pole pole," kisha akasimama kando yako mpaka ukapata. Siku moja alileta kompyuta yake kutoka nyumbani, akatuonyesha programu aliyoiandika mwenyewe: mpira mdogo unaanguka, unadunda, unaanguka tena, kila mara chini kidogo. Wenzangu walicheka. Mimi nilimwomba aifungue nione yale maandishi yaliyouchezesha ule mpira. Alifurahi sana. Tangu siku hiyo nilijua ninachotaka kusomea, na kila mtu nyumbani alijua pia, maana sikunyamaza.

Mwanawe alikuwa darasa letu. Tulikaa dawati moja miaka mitatu. Nilimshinda katika hesabu na fizikia kila muhula, naye akanishinda kwa Kiingereza, na tulizoea kupeana daftari.

Mwaka tuliofanya mtihani wa kidato cha nne, mwalimu alistaafu. Akafungua ofisi Malaba, chumba kimoja kwenye jengo lililo nyuma ya pale malori yanapojipanga kungoja kuvuka. Mlangoni aliandika kwa rangi ya buluu: Ushauri wa Vyuo na Kazi. Ndani kulikuwa na meza, benchi la wageni, na picha za vijana waliovaa kofia za mahafali. Watu walikwenda. Nani asingekwenda? Nusu ya kata ilikuwa imepitia mikononi mwake.

Nilipata B plasi. Baadaye serikali ilipowapanga wanafunzi vyuoni, nilipewa sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu cha umma, mbali na nyumbani. Baba alikuwa amefariki nikiwa darasa la sita, na Mama, ambaye alilima muhogo na wimbi na kuuza sokoni, hakujua chuo kimoja na kingine. Alinishika mkono akasema, "Twende kwa mwalimu. Yeye ndiye anajua hizo vitu."

Mwalimu alitupokea kwa heshima. Alimpa Mama kiti chake mwenyewe. Akachukua karatasi, akapiga mstari katikati kutoka juu hadi chini.

"Mama, huyu msichana ni kama mtoto wangu," alisema. "Sasa tazama. Huku kushoto ni chuo cha umma. Huku kulia ni chuo kingine, cha binafsi, mimi ndiye mwakilishi wao upande huu wa Magharibi."

Upande wa kushoto akaandika: migomo. Akaandika: msongamano, wengine wanasikilizia dirishani. Akaandika: miaka minne inakuwa sita. Upande wa kulia akaandika: miaka minne kamili. Kompyuta moja kwa kila mwanafunzi. Kampuni za Nairobi zinawachukua kabla hawajamaliza.

"Na hawa wa serikali hawapati kazi?" Mama aliuliza.

"Wanapata, mama. Lakini wanangoja. Umeona hayo malori hapo nje? Mengine yako hapo tangu juzi. Wewe unataka mtoto akae kwa foleni au apite?"

Mama aliyatazama malori kupitia dirishani. Kisha akauliza, "Na kijana wako anaenda wapi?"

"Bado tunaangalia," mwalimu akasema, akavuta droo kutafuta fomu.

Tuliiacha nafasi ya serikali. Mama aliuza ng'ombe wawili waliokuwa wakilima shamba letu, na msimu ule alilima kwa jembe la mkono, yeye na shangazi yangu, tangu asubuhi mpaka jua lilipowaka sana. Nilikuwa nimeshaondoka. Niliambiwa baadaye.

Chuo kilikuwa katika mji mmoja kwenye barabara kuu iendayo Nairobi, ghorofa mbili juu ya duka la mabati na simiti. Mabati yalipokatwa kule chini, mhadhiri alinyamaza, akangoja, akaendelea. Chumba cha kompyuta kilikuwepo, ila ufunguo alikuwa nao karani, na karani alitoka saa kumi. Mwaka wa kwanza tuliandika programu kwa kalamu kwenye karatasi, na zikasahihishwa kwa kalamu nyekundu kama insha. Mtu mmoja, mpole, mwenye koti moja la kahawia, alitufundisha mitandao, hifadhidata, na maadili ya kazi, na muhula mmoja akatufundisha pia takwimu kwa sababu wa takwimu alikuwa ameondoka bila kuaga. Nilijifunza mengi kwenye simu yangu iliyopasuka kioo kuliko nilivyojifunza pale. Lakini sikulalamika. Nilijiambia kwamba mwalimu anajua.

Nilipohitimu, Mama alishonesha gauni jipya la gomesi. Nyumbani wazee walikaa kuzunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake, na mwalimu akawa mgeni wa heshima. Alisimama akasema, "Nilisema, sikusema?" Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Miezi michache baadaye ilitangazwa kazi ya mifumo ya kompyuta katika ofisi za kaunti, Busia mjini. Tulifanyishwa mtihani wa vitendo asubuhi, kisha tukaitwa mmoja mmoja. Niliketi mbele ya watu watatu. Mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo ndiye aliyeongea.

"Dada, tumeuliza kuhusu chuo chako," alisema. "Kina kibali cha kufundisha biashara na ualimu. Hii kozi ya kompyuta haijawahi kuidhinishwa. Miaka yote uliyosoma haikuwa kwenye orodha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kwetu sisi ni kama umekuja na cheti cha kidato cha nne." Alizikusanya karatasi zangu polepole, akazipanga vizuri kuliko nilivyozileta, na juu yake akaweka barua ya kaunti iliyoeleza hayo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na ujue umewapita wote kwa ule mtihani wa asubuhi. Pole sana."

Sikulia. Nilitoka nikapanda gari, na tulipofika Adungosi sikushuka. Nilipitiliza hadi Malaba.

Mwalimu alikuwa na wazazi wengine ndani. Aliniona mlangoni, akaniashiria niketi kwenye benchi. Nikaketi. Nilimsikia akisema maneno yale yale, ya foleni na ya kupita, kwa mtindo ule ule, hata pale anaponyamaza kidogo kabla ya kusema "mama". Walipotoka nilimpa barua ya kaunti. Aliisoma mara moja, akaikunja, akanirudishia.

"Hayo ni mambo ya chuo na tume ya vyuo vikuu," alisema. "Mimi ni mshauri tu."

"Ulijua?"

"Ningejuaje? Mimi si tume." Kisha akainuka, akaniwekea mkono begani. "Usiwe na uchungu. Msichana mwenye uchungu hapati kazi wala mume."

Niliutazama ule mkono mpaka akauondoa. Nadhani uamuzi wangu niliufanya pale, ingawa sikujua bado ni uamuzi wa kufanya nini. Mwenye kovu, walisema waliotutangulia, usidhani kapoa. Mimi hata kovu sikuwa nalo bado. Kilikuwa kidonda kibichi.

Kazi niliipata pale pale Malaba, kwa mama mmoja wakala wa forodha. Ofisi yake ilitazamana na jengo la mwalimu, barabara ikiwa katikati. Boss hakuuliza habari ya digrii. Aliniweka mbele ya kompyuta, akanipa makaratasi ya shehena, akaniona nikiyaingiza kwa haraka bila kukosea, akasema, "Kesho saa moja na nusu." Nilikuwa nikiandika vigae, mafuta ya kupikia, vipuri vya matrekta, huku madereva wakingoja karatasi zao kwenye viti vya plastiki. Na kila nilipoinua macho niliona ule mlango wenye maandishi ya buluu, na wazazi wakiingia na bahasha za matokeo.

Siku moja dereva mmoja mzee kutoka pwani alinisogelea. "Dada, wewe si umesomea hii kitu? Msichana wangu anataka kompyuta. Nimpeleke wapi?"

Nilitaka kumwambia sijui. Badala yake nilimwambia apitie tena akitoka Kampala. Jioni hiyo nilikaa na simu, nikatafuta orodha ya kozi zilizoidhinishwa. Ilikuwepo tangu zamani, wazi, kwa yeyote aliyejua kuitafuta. Kisha nikaanza kuwapigia watu waliohitimu. Mmoja alinipa namba ya mwingine, na huyo akanipa ya mwingine. Dereva aliporudi nilikuwa na la kumwambia, na safari iliyofuata alinitumia madereva wenzake wawili.

Sitaki kujisifu. Sikuanza kwa huruma. Nilianza kwa sababu kila mzazi niliyemwelekeza mimi alikuwa mzazi mmoja ambaye hatavuka barabara kwenda kwa mwalimu.

Nilijifunza upesi kwamba hakuna faida ya kumuuliza mtu kama chuo chake ni kizuri. Kila mtu alikisifu chake, hata aliyeteseka. Kwa hiyo niliuliza mambo madogo. Nani alikufundisha mitandao, na alikuja darasani kweli? Je, ungeweza kuingia chumba cha kompyuta Jumamosi bila kumwomba mtu? Atachimenti, yale mafunzo ya kazini, ulitafutiwa na chuo au na mjomba wako? Na la mwisho, ambalo ndilo liliwafanya wengi wakohoe: leo asubuhi ulikuwa unafanya kazi gani?

Majibu hayakuwa kama nilivyotarajia. Kijana aliyetoka chuo kikubwa cha Nairobi, ambacho kila mzazi alikitaja kwa heshima, alikuwa akiuza viatu mtandaoni, naye aliniambia kwamba katika miaka minne hakuna mhadhiri aliyewahi kulijua jina lake. Msichana wa chuo kidogo ambacho hakuna aliyekitaja alikuwa anatunza mifumo ya benki, kwa sababu mkuu wa idara yao alikuwa na desturi ya kuwapeleka wanafunzi yeye mwenyewe, kwa miguu, kampuni moja hadi nyingine, mpaka kila mmoja apate pa kujifunzia. Vyuo vya umma vilikuwa na migomo kweli. Hapo mwalimu hakudanganya, na niliandika hivyo hivyo, ingawa mkono ulikataa. Na nikaona jambo lingine: waliokuwa wametengeneza kitu chao wenyewe, hata kama ni programu ndogo ya kuandikisha michango ya kanisa, walipata kazi mapema kuliko wenye alama za juu peke yake.

Niliyapiga chapa yote kwa ukurasa mmoja na kuubandika kwenye mlango wa ofisi yetu, kwa ruhusa ya boss, upande unaotazama barabara. Watu walisimama wakaupiga picha kwa simu. Mwalimu alikuja siku ya pili, mikono nyuma, akausoma wote. Alikuta makosa mawili ya tahajia, akanionyesha kwa kidole, akaenda zake.

Ili kuujaza ukurasa huo nilihitaji mtu aliyesoma kompyuta katika chuo kimoja cha umma kule kando ya ziwa. Nilijua mmoja tu, mwenzangu wa dawati, mwana wa mwalimu. Alikuwa ameajiriwa Nairobi na kampuni inayotengeneza programu za simu. Alifurahi kunisikia. Alijibu maswali yote, kwa uaminifu, hata akacheka alipokumbuka siku ambazo umeme ulipotea katikati ya mtihani. Kisha akauliza, "Lakini wewe ulipendea nini kile chuo chako?"

"Sikupenda. Nilipelekwa na baba yako."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake.

"Nilidhani mlichagua wenyewe," alisema. "Mimi nilitaka kwenda huko, ujue. Nilimwambia baba, kwa vile ndiye mwakilishi wao, atupeleke pamoja, mimi na wewe. Akakataa."

"Alikataa kwa nini?"

"Si alisema kozi haina kibali. Alikuwa na barua. Alinionyesha, akaniambia nisithubutu."

"Lini?"

"Wiki ile matokeo yalitoka."

Matokeo yalipotoka, mimi nilikuwa bado sijajiandikisha. Ng'ombe wetu walikuwa bado zizini.

"Na hukuniambia," nilisema.

"Nilikuwa mtoto. Baba alisema nitamharibia kazi." Kisha sauti yake ikabadilika. "Tafadhali, usimwambie kwamba nimekuambia."

Nilimwambia sitamwambia. Na sikumwambia. Neno langu nililishika, ila nililishika kwa namna yangu.

Mwalimu alikuwa na desturi ya kuwaita wazazi mara moja kwa mwaka kwenye ukumbi wa parokia pale Malaba, matokeo yakishatoka. Niliungoja mkutano huo miezi miwili. Katika miezi hiyo nilimsalimia kila asubuhi ng'ambo ya barabara. "Habari ya asubuhi, mwalimu." "Nzuri, binti." Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha shangazi, si hotuba, swali tu. Nililipunguza mpaka likabaki sentensi moja ambayo hata mtoto angeielewa. Nikalipasi lile koti nililovaa siku ya usaili wa Busia.

Ukumbi ulijaa. Wazazi walikuwa wametoka Nambale, Amagoro, hata ng'ambo ya mpaka. Nilikaa safu ya tatu. Mwalimu alikuwa amevaa suti ya kijivu, na ubaoni alipiga mstari wake, kushoto na kulia, akaanza. Alipomaliza akakaribisha maswali. Nilinyosha mkono kama mwanafunzi. Alitabasamu.

"Huyu ni matunda yangu," aliwaambia watu. "Alitoka hapa karibu, Adungosi. Uliza, binti."

Nikasimama. "Mwalimu, kijana wako alisomea sayansi ya kompyuta. Alisoma chuo gani?"

Alishika chaki kwa mikono miwili. "Hayo ni mambo ya familia."

"Tulikuwa dawati moja," nilisema. "Alama zangu zilikuwa juu ya zake. Mimi ulinipeleka hapo," nikaonyesha upande wa kulia wa ubao. "Yeye ulimpeleka upande gani?"

Kisha mzee mmoja kule nyuma akasema bila kupaza sauti, "Jibu, mwalimu. Swali ni dogo."

"Kando ya ziwa," mwalimu alisema.

"Ni cha umma au cha binafsi?"

"Cha umma."

Nilitoa barua ya kaunti, nikaisoma yote, na kuwaeleza kwamba kozi ile haikuwa na kibali hata siku moja. Sikusema kwamba alijua. Niliwaacha wajumlishe wenyewe, na niliona kwenye nyuso zao, safu kwa safu, wakijumlisha. Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Chaki ilivunjika mkononi mwake na hakuinama kuiokota. Nilikuwa nimejiuliza mara nyingi nitasikia nini nikimwona hivyo. Nilisikia utamu. Siongopi. Nilijisikia kama mtu aliyelima toka alfajiri na sasa amewekewa chakula.

Halafu mama mmoja akasimama, mwanamke mnene wa Nambale mwenye gomesi ya kijani. "Na wangu?" aliuliza. "Wangu yuko mwaka wa pili huko. Kompyuta hiyo hiyo. Na wangu, mwalimu?"

Watu walianza kuinuka, wengine wakimwendea mwalimu mbele, wengine wakitafuta mlango. Mimi nilitoka. Yule mama alinifuata mpaka uani.

"Wewe ulijua hii maneno tangu lini?" aliniuliza.

"Kozi haina kibali, tangu nilipokosa kazi."

"Na hii ya kijana wake?"

"Miezi miwili."

Alifikiri. "Mtoto wangu alirudi chuo mwezi uliopita," alisema. "Nilimpeleka mwenyewe. Tulipita hapa Malaba kumsalimia mwalimu. Ofisi yako si ile pale mbele? Ulituona?"

Huenda niliwaona. Niliwaona wengi. Ukurasa wangu mlangoni ulisema vyuo vizuri ni vipi, lakini jina la chuo kile sikuliandika popote, kwa sababu nilikuwa nalihifadhi kwa ajili ya ukumbi. Nilitaka watu wawe wengi. Nilimwambia samahani, naye akanitazama kama mtu anayeangalia mzani wa sokoni, akaenda kutafuta gari la Nambale. Katika mambo yote niliyofanya, hilo tu ndilo ninaloona aibu.

Ofisi ya mwalimu ilifungwa kabla ya mwezi kuisha. Chuo kilimkana. Walisema hawakuwahi kuwa na mwakilishi upande wetu. Akahamia Funyula kwa shemeji zake.

Mama alikasirika. "Ulimvua nguo mtu mzima mbele ya watu," aliniambia.

"Alituvua sisi kwanza."

"Sisi alituvulia ndani. Wewe umemvulia sokoni."

Siku tatu hakunipa jibu zaidi ya "mm". Lakini siku ya nne nilirudi kutoka kazini nikamkuta na jirani wanamenya muhogo, na Mama ndiye aliyekuwa akisimulia, akiiga sauti ya yule mzee wa nyuma: "Jibu, mwalimu. Swali ni dogo." Wote wawili walikuwa wanacheka mpaka machozi. Waliponiona wakanyamaza.

Baada ya Pasaka katekista alimleta mwalimu nyumbani kwetu, Jumapili, baada ya ibada. Alikuwa amekonda. Mama alichinja kuku, maana mgeni ni mgeni. Tuliketi, na katekista akasema tumekuja kuyamaliza.

"Nina swali lile lile la kwanza," nilisema. "Ulijua?"

Mwalimu aliiangalia sakafu. "Nilijua kibali kilikuwa njiani. Chuo waliniahidi kitatoka ule mwaka."

"Na mwanao hukumwacha angoje kitoke."

Alizungusha kikombe cha chai mkononi. Kisha akasema, "Ni mwanangu."

Alilisema kwa upole, bila kujitetea, kama mtu anayetaja jina la mto. Ndilo neno pekee la kweli aliloniambia tangu nilipotoka shuleni kwake, na ndilo lililonizuia kusamehe. Alikuwa amemwambia Mama kwamba mimi ni kama mtoto wake. Nilikuwa nimelibeba neno hilo miaka minne, juu ya duka la mabati.

Katekista aliomba tupeane mikono. Nilisema nitampa mkono siku atakapochukua majina ya wote aliowapeleka kule na kumpigia kila mmoja, yeye mwenyewe, amwambie alichokijua.

"Ni wengi," mwalimu alisema.

"Mimi nimewapigia wengi kuliko hao."

Hakuahidi. Alikunywa chai nusu kikombe, akaaga. Kuku aliliwa, maana katekista alikuwa na njaa.

Aliwapigia baadhi. Najua kwa sababu wawili walinipigia mimi baadaye, mmoja akilia, mwingine akitukana. Kisha akaacha, nami nikaandika orodha ya waliobaki. Binti wa yule mama wa Nambale alitoka pale na kuanza upya mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja katika ukurasa wangu. Mwingine, kijana wa mpakani, baba yake alimtoa na hakumpeleka popote, na sasa anaendesha boda boda. Akinipita hupiga honi. Sijajua kama ni salamu.

Nami mwaka jana nilijiandikisha tena, chuo cha umma, masomo ya mwisho wa wiki. Hawakukubali somo langu hata moja, nimeanza tangu mwanzo. Boss hunipa ruhusa Ijumaa saa sita. Naketi na watoto wa miaka kumi na tisa wanaoniita auntie na kuniomba niwasaidie kutafuta kosa kwenye programu zao, na huwa nalipata. Darasa limejaa, ni kweli. Mhadhiri wa mitandao hukosa kufika. Lakini chumba cha kompyuta kiko wazi Jumamosi kutwa, na jina la kozi yetu liko kwenye orodha. Nimelitazama mara nyingi.

Wiki iliyopita mwenzangu wa dawati aliniandikia. Alisema baba yake anaumwa miguu, hatoki sana, na kwamba huuliza habari zangu. Nilimjibu nikiwa pale pale chumba cha kompyuta. Nilimwambia kwamba mimi ni mzima, nasoma, na kwamba kati ya wale aliowapeleka baba yake kuna majina kumi na moja ambayo mzee bado hajayapigia. Nikamtumia namba zao.